Kumbadilisha Kocha: Mwongozo Kamili kwa Viongozi wa Klabu

Saa tano usiku, baada ya kipigo cha tatu mfululizo, tulikuwa watu saba kwenye chumba kidogo cha mikutano. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya utendaji ya klabu moja ambayo jina lake nitalihifadhi. Nje mashabiki walikuwa bado wanaimba wakitaka kocha aondoke, na simu zetu hazikuacha kuita. Dakika ishirini zilitosha kupiga kura na kumfuta kazi. Hakuna aliyeuliza ni nani angeshika filimbi mazoezini asubuhi, wala aliyekuwa na nakala ya mkataba.

Kulipokucha, kocha alikuwa anapanga koni uwanjani kama kawaida yake. Kijana wa vifaa akamwendea na kumwonyesha simu: habari zilikuwa zimeshasambaa. Kocha alisoma, akarudisha simu, akaziacha koni zikiwa nusu ya mstari, akaenda kuchukua begi lake. Wiki mbili baadaye mwanasheria akatuambia kwamba klabu inadaiwa mishahara ya miezi 14 iliyobaki kwenye mkataba. Tulimaliza msimu tukiwa tumepitia makocha watatu, na tukashuka daraja.

Mpaka leo naamini yule kocha muda wake ulikuwa umefika. Tulikosea kwa sababu tulianza kazi usiku ule, ilhali kazi ya kumbadilisha kocha huanza siku unayomwajiri. Hatua zilizo hapa chini nimeziandika kwa ajili ya wajumbe wa bodi, makatibu na wakurugenzi wa ufundi ambao watakaa kwenye kikao kama kile. Shabiki anayetaka kujua kinachopaswa kufanyika nyuma ya milango iliyofungwa naye atanufaika.

Hatua ya 1: Andikeni vipimo kabla ligi haijaanza

Kabla ya msimu, bodi na kocha wakae wakubaliane kwenye karatasi moja tu. Iandikwe nafasi ya chini inayokubalika, aina ya soka linalotakiwa, vijana wangapi wapewe dakika, na tarehe za tathmini: kwa mfano baada ya mechi ya 10, katikati ya msimu, na zikibaki mechi 8. Kila mmoja abaki na nakala.

Lengo liendane na fedha. Kwa kipindi kirefu, bili ya mishahara ndiyo inayoeleza nafasi ya timu kwenye msimamo kuliko karibu jambo jingine lolote. Klabu ambayo bajeti yake ni ya 12 kwa ukubwa kwenye ligi ikimdai kocha nafasi ya 4, imeshamfukuza kabla hajaanza. Iko miujiza, kama Leicester City waliotwaa ubingwa wa England mwaka 2016, lakini muujiza haugeuki kuwa kipimo cha mwaka unaofuata.

Leicester wenyewe wanatufundisha hapa. Tarehe 23 Februari 2017, miezi tisa baada ya ubingwa, walimwondoa Claudio Ranieri wakiwa pointi moja juu ya mstari wa kushuka daraja. Dunia nzima ilisikitika, nami nilisikitika. Lakini kipimo cha msimu ule kilikuwa kubaki ligi kuu, na timu ilikuwa inazama. Msaidizi wake, Craig Shakespeare, alishinda mechi tano za kwanza za ligi mfululizo na Leicester wakamaliza nafasi ya 12. Heshima ya kocha ni kitu kimoja na mustakabali wa klabu ni kingine, na kiongozi analazimika kuvibeba vyote viwili.

Wekeni pia kanuni moja isiyovunjwa: hakuna uamuzi kuhusu kocha ndani ya saa 48 baada ya mechi. Ingekuwepo kwetu usiku ule, ingetuokoa.

Hatua ya 2: Tenganisha matokeo na kiwango

Hapa ndipo klabu nyingi zinapoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Soka ni mchezo wa mabao machache, na penye mabao machache bahati ina nafasi kubwa. Timu inaweza kupiga mashuti 18, ikagonga mwamba mara mbili, ikafungwa kwa kona moja dakika ya 88. Mechi tano za namna hiyo zikifuatana, msimamo wa ligi utasema kocha ameshindwa. Uwanjani hali inaweza kuwa tofauti kabisa.

Kipimo kinachosaidia ni mabao ya kutarajiwa. Kila shuti hupewa thamani kulingana na mahali lilipopigwa na mazingira yake: penalti huhesabiwa kuwa zaidi kidogo ya robo tatu ya bao, shuti la mita 30 huwa ni sehemu ndogo sana. Ukijumlisha za kwenu na za wapinzani kwa mechi 10, unaanza kuona timu ilistahili nini. Klabu isiyo na fedha za kununua takwimu isikate tamaa, daftari la kawaida linatosha. Mpe kijana makini kazi ya kuhesabu kila mechi mashuti ya kutoka ndani ya boksi (eneo la penalti) kwa pande zote mbili, mara ambazo mpinzani ameingia boksini kwenu, mabao ya mipira iliyokufa kama kona na faulo, na wachezaji wa kikosi cha kwanza waliokosekana kwa majeraha. Baada ya wiki kumi daftari hilo litakuwa na maana kuliko kelele zote za jukwaani.

Angalia Borussia Dortmund ya Jürgen Klopp. Tarehe 4 Februari 2015 walifungwa nyumbani 1-0 na Augsburg, wakawa wa mwisho kwenye Bundesliga, nafasi ya 18 kati ya 18, baada ya mechi 19. Nahodha Mats Hummels na mlinda mlango Roman Weidenfeller ikabidi waende hadi kwenye uzio kuzungumza na mashabiki waliokuwa wamechemka. Hata hivyo timu ilikuwa bado inatengeneza nafasi, ila haizitumii. Uongozi ukatulia. Dortmund wakamaliza nafasi ya 7, na Klopp akaondoka kiangazi kwa utaratibu na heshima.

Au chukua Arsenal mwanzoni mwa msimu wa 2021/22. Mechi tatu, vipigo vitatu, bao sifuri, wamefungwa 9, wanashika mkia. Kocha wao Mikel Arteta alikuwa ametoka kumaliza nafasi ya 8 misimu miwili mfululizo. Ila waliofuatilia kwa karibu walijua kwamba wachezaji kadhaa walikosekana kwa UVIKO-19 na majeraha, kwamba mechi mbili kati ya hizo zilikuwa dhidi ya Chelsea na Manchester City, na kwamba usajili mpya wa vijana ulikuwa haujaingia vizuri kikosini. Wakamwacha. Walimaliza wa 5, na msimu uliofuata wa 2.

Mchumi wa Uholanzi Bas ter Weel na mwenzake Allard Bruinshoofd waliwahi kuchunguza ligi ya nchi yao kwa namna ambayo kila mjumbe wa bodi anapaswa kuijua. Walilinganisha timu zilizofukuza kocha baada ya kuporomoka na timu zilizoporomoka vilevile lakini hazikufukuza. Zile zisizofukuza nazo ziliinuka. Mtu akiwa chini kuliko uwezo wake, kwa kawaida hupanda tu, na kocha mpya akifika wakati huo anapewa sifa za mteremko uliokwisha wenyewe.

Kosa hilo lina upande wake wa pili, na naliona kuwa la hatari zaidi kwa sababu halina kelele: kumwongezea mkataba kocha ambaye matokeo yanamficha. Manchester United msimu wa 2023/24 walimaliza nafasi ya 8, wakiwa wamefungwa mabao 58 na kufunga 57. Kisha wakashinda fainali ya Kombe la FA dhidi ya Manchester City. Kombe ni kombe, lakini ilikuwa mechi moja dhidi ya ushahidi wa mechi 38. Julai Erik ten Hag akaongezewa mwaka mmoja. Tarehe 28 Oktoba, baada ya mechi 9 za ligi, timu ikiwa ya 14, akafukuzwa.

Hatua ya 3: Soma dalili ambazo takwimu hazionyeshi

Kuna wakati kiwango chenyewe kimeanguka na hakitarudi. Nenda uwanjani, kaa mahali unapoliona benchi, acha kuutazama mpira.

Tazama sekunde kumi za kwanza baada ya timu yako kufungwa. Kwenye timu iliyo hai, mtu mmoja huufuata mpira wavuni, wawili wanagombana kuhusu nani alimwachia mfungaji, na nahodha anaangalia benchi kusubiri ishara. Kwenye timu iliyokufa kila mmoja anatazama nyasi zake. Tazama wachezaji wa akiba wanaopasha misuli: je, wanageuka kuangalia mchezo? Kocha akipiga kelele kutoka kwenye eneo lake, yupo anayegeuka? Mara moja niliona beki wa kushoto akiitwa jina mara tatu na kocha aliye mita tano tu kutoka kwake, akachomekea jezi yake taratibu kama mtu aliye peke yake. Siku hiyo nilijua.

Dalili nyingine utaziona mazoezini na kwenye karatasi ya kikosi. Mfumo unabadilika kila wiki bila sababu ya mpinzani. Kocha anaanza kutaja majina ya wachezaji kwa ubaya mbele ya waandishi. Umbali wanaokimbia unapungua wiki hadi wiki ilhali daktari anasema wako fiti. Wasaidizi wake wanaanza kujitenga naye.

Chelsea walifika hapo Desemba 2015. Walikuwa mabingwa watetezi, wako nafasi ya 16, na walipomwondoa José Mourinho mkurugenzi wa ufundi Michael Emenalo alikiri kwenye televisheni ya klabu kwamba kulikuwa na mfarakano kati ya kocha na wachezaji. Mfarakano ukifika huko, ubora wa kocha hausaidii tena.

Lakini nasihi sana: msiwapigishe wachezaji kura. Ongea na nahodha, ongea na daktari, ongea na kocha wa makipa, kila mmoja peke yake, ukiuliza kuhusu kazi na si kuhusu mtu. Mchezaji aliyewekwa benchi atakwambia kocha hafai, na wakala wake atakwambia vilevile kwa maneno mazuri zaidi. Wachezaji wakishajua kwamba wao ndio wanaofukuza makocha, kocha ajaye ameingia akiwa mateka.

Na kabla ya kwenda hatua inayofuata, jiulizeni hili kwa unyofu: huyu ni kocha wa ngapi anayeshindwa hapa ndani ya miaka mitatu? Kama ni wa tatu au wa nne, na anayesajili wachezaji ni yuleyule, basi kiti kinachohitaji mtu mpya huenda si cha kocha.

Hatua ya 4: Fungueni mkataba

Mwanasheria ausome kabla ya kikao, si baada. Mnatafuta majibu haya: muda uliobaki, kama kuna kifungu kinachotaja kiasi maalumu cha kuvunja mkataba, kinachotokea timu ikishuka daraja, bonasi ambazo hazijalipwa, nyumba na gari, na mikataba ya wasaidizi. Hao wasaidizi ndio huwa wanasahaulika. Kocha mkuu akiondoka na watu watano, klabu inalipa sita.

Tangu tarehe 1 Januari 2021 FIFA ina kanuni maalumu za ajira za makocha ndani ya kanuni zake za hadhi na uhamisho wa wachezaji, na zinahusu migogoro yenye sura ya kimataifa, mfano klabu yenye kocha mgeni. Kwa ufupi: kocha aliyevunjiwa mkataba bila sababu halali hudai thamani ya muda uliobaki, na akipata kazi mpya, mapato ya kazi hiyo kwa kipindi hichohicho hupunguzwa kwenye deni. Matokeo mabaya peke yake hayahesabiwi kuwa sababu halali. Kocha asipolipwa mishahara ya angalau miezi miwili, anaweza kuiandikia klabu, kuipa siku 15, kisha kuondoka yeye mwenyewe kihalali na kudai fidia. Klabu isiyolipa baada ya hukumu inaweza kufungiwa kusajili hadi madirisha matatu mfululizo. Nimeona klabu zikijua hili siku zilipopeleka majina ya wachezaji wapya na kukuta mlango umefungwa.

Ndiyo maana kifungu cha kuvunja mkataba kwa mishahara ya miezi mitatu au sita kiwekwe siku ya kusaini, wakati wote mnatabasamu. Kuondoka kwa Ten Hag na baadhi ya wasaidizi wake kuliandikwa kwenye hesabu za Manchester United kuwa takribani pauni milioni 10.4. Ule mwaka mmoja wa Julai ulikuwa na bei.

Piga hesabu mbili na uziweke mezani: gharama ya kumwondoa leo, na gharama ya kubaki naye mkishuka daraja au mkikosa mashindano ya bara. Kuna nyakati hesabu ya pili ni kubwa mara nyingi, na hapo huruma haisaidii mtu.

Hatua ya 5: Orodha ya warithi iwepo tayari

Swali la kikao lisiwe "Je, huyu anafaa?" Liwe: "Ni nani anayepatikana leo, ambaye na wachezaji hawahawa atafanya vizuri zaidi kuliko huyu?" Kama hamna jina, hamjawa tayari kufukuza, hata mashabiki waimbe mpaka sauti zikauke.

Brighton ni mfano ninaoupenda. Septemba 2022 Chelsea waliwachukulia Graham Potter pamoja na wasaidizi wake, ligi ikiwa imeshaanza. Ndani ya siku chache Brighton walimtangaza Roberto De Zerbi, kocha anayetaka mpira uanzie nyuma, jambo ambalo wachezaji walishazoea. Walimaliza nafasi ya 6 na kufuzu mashindano ya Ulaya kwa mara ya kwanza katika historia yao. Chelsea, waliomchukua kocha, walimfukuza Aprili na kumaliza wa 12. De Zerbi naye alipoondoka 2024, wakamchukua Fabian Hürzeler aliyekuwa na miaka 31. Haya yanatokea pale mkurugenzi wa ufundi anapokuwa na majina hata wakati timu inashinda.

Tengeneza orodha ya majina matano. Mbele ya kila jina andika: soka analofundisha na kama kikosi chenu kinaliweza bila kusajili wachezaji wanane wapya, rekodi yake ikilinganishwa na bajeti alizopewa, lugha anazozungumza, leseni aliyonayo na kama inakubalika kwenye ligi na mashindano yenu, mkataba wake unaisha lini na una kifungu gani, anakuja na watu wangapi. Pitieni orodha hiyo kila baada ya miezi mitatu.

Kipengele cha soka analofundisha ndicho kizito kuliko vyote. Liverpool walipojua Novemba 2023 kwamba Klopp angeondoka mwisho wa msimu, walipata miezi kadhaa ya kutafuta mtu ambaye soka lake la Feyenoord lingekaa kwenye kikosi kilekile. Arne Slot akaja, msimu ule akaongezewa mchezaji mmoja tu wa kutumika mara moja, Federico Chiesa, ambaye hata hivyo hakucheza sana, na akatwaa ubingwa zikiwa zimebaki mechi nne. Al Ahly nao Septemba 2020, timu ikiwa nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, walimchukua Pitso Mosimane aliyekuwa ameshatwaa kombe hilo na Mamelodi Sundowns mwaka 2016 na aliyewahi kuwafunga Al Ahly wenyewe 5-0. Hakuhitaji kujifunza mashindano. Novemba 27 akawa bingwa.

Orodha ibaki siri ya watu wawili au watatu. Msianze mazungumzo na mawakala kabla ya uamuzi, kwa kuwa wakala mmoja akijua leo, chumba cha kubadilishia nguo kitajua kesho.

Hatua ya 6: Chagueni wakati

Wakati bora ni mwisho wa msimu, bila ubishi: kocha mpya anapata maandalizi na dirisha lote la usajili. Unaofuata ni mwanzo wa mapumziko ya kalenda ya FIFA, ambapo kuna karibu wiki mbili bila mechi, ingawa wachezaji wa timu za taifa hawapo. Kisha ni kabla au mwanzoni mwa dirisha dogo, lile la usajili wa katikati ya msimu. Mbaya kuliko zote ni wiki baada ya dirisha kufungwa, pale kocha mpya anaporithi kikosi asichoweza kukigusa.

Hata kalenda nzuri haiponyi uamuzi wa haraka. Bayern München walimwondoa Julian Nagelsmann Machi 2023 wakati wa mapumziko ya timu za taifa, wakiwa pointi moja nyuma ya Dortmund na wakiwa bado kwenye mashindano yote matatu. Habari zilivuja kabla hajaambiwa rasmi. Chini ya Thomas Tuchel walitolewa kwenye Kombe la Ujerumani na Ligi ya Mabingwa ndani ya mwezi mmoja, na ubingwa wa ligi wakaupata siku ya mwisho kwa bao la Jamal Musiala dakika ya 89, kwa sababu Dortmund walitoka sare 2-2 na Mainz.

Usifukuze pia kwenye mlango wa fainali bila sababu nzito. Tottenham walimwondoa Mourinho Aprili 2021 siku sita kabla ya fainali ya Kombe la Ligi, wakampa timu Ryan Mason aliyekuwa na miaka 29, wakafungwa 1-0. Kisha wakatafuta kocha mpaka mwisho wa Juni. Nuno Espírito Santo waliyempata hakumaliza hata miezi mitano.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Kocha aambiwe ana kwa ana, na mtu mmoja mwenye cheo kinachostahili, ama mwenyekiti au mkurugenzi, shahidi mmoja akiwepo. Asubuhi kabla ya mazoezi, faragha. Dakika kumi zinatosha. Usianze kwa kumsifu dakika tano ukimwacha abahatishe. Mwambie: bodi imeamua kuachana nawe, hii ndiyo barua, haya ndiyo malipo yako na tarehe zake. Kisha nyamaza umsikilize.

Ukitoka hapo mpigie nahodha, halafu wasaidizi, halafu wachezaji wote kwa pamoja ndani ya saa moja, na taarifa kwa umma itoke baada yao. Taarifa iwe na sentensi nne: ameondoka, tunamshukuru kwa mambo haya mahususi, fulani anashika timu kwa muda, utaratibu wa mrithi unaendelea. Msiandike "kwa makubaliano ya pande mbili" kama hakukuwa na makubaliano.

Mpeni nafasi ya kuwaaga wachezaji kama anataka, na mtu abebe vitu vyake kwa adabu. Na mkishaamua, msigeuke. Salernitana ya Italia ilimfukuza Davide Nicola Januari 2023 baada ya kipigo cha 8-2 kutoka Atalanta, ikamrudisha siku mbili baadaye, ikamfukuza tena Februari. Kati ya tarehe hizo mbili, sioni ni kwa mamlaka gani kocha yule angeweza kumkemea mchezaji.

Hatua ya 8: Kocha wa muda

Kama mrithi yuko tayari, mruke kocha wa muda kabisa. Chelsea walimwondoa Frank Lampard Jumatatu tarehe 25 Januari 2021, wakamtangaza Tuchel Jumanne, Jumatano akakaa benchi dhidi ya Wolves. Mei 29 wakawa mabingwa wa Ulaya.

Mrithi asipokuwa tayari, chagua msaidizi ambaye wachezaji wanamheshimu na ambaye hakuwa sehemu ya ugomvi. Mpe kazi ndogo iliyo wazi: rudisha wachezaji kwenye nafasi zao za asili, rahisisha mfumo, zungumza na waliosahauliwa. Hansi Flick alifanya hivyo Bayern Novemba 2019, akamrudisha Thomas Müller kikosini, na mwisho wake ulikuwa makombe matatu. Emerse Faé aliikuta Ivory Coast Januari 2024 ikiwa imetoka kufungwa 4-0 nyumbani na Guinea ya Ikweta, na siku 18 baadaye akabeba Kombe la Afrika. Ile ni timu ya taifa, lakini somo la msaidizi anayewajua wachezaji ni lilelile.

Sasa hatari. Wiki za kwanza za kocha wa muda huwa tamu: wachezaji wamefunguka, wapinzani hawajamsoma, na kama nilivyosema hapo juu, timu ingepanda hata hivyo. Ole Gunnar Solskjær alishinda mechi 14 kati ya 19 kama kocha wa muda wa Manchester United. Machi 28, 2019 wakampa mkataba wa miaka mitatu. Kati ya mechi 10 zilizobaki msimu ule alishinda 2. Sisemi hakustahili kazi, nasema hakukuwa na haraka: msimu ulikuwa unaisha wiki sita hivi baadaye. Subirini tarehe ya tathmini, pimeni kiwango kwa daftari lilelile la hatua ya pili, mlinganisheni na majina yale matano.

Hatua ya 9: Siku 30 za kocha mpya

Kabla hajasaini, mpeni ukweli wote: madeni ya mishahara, mchezaji anayetaka kuondoka, majeruhi watakaorudi baada ya miezi mitatu badala ya mmoja. Kocha akigundua siri ya tatu ndani ya wiki ya kwanza, hatawaamini tena.

Bakizeni watu wawili au watatu wa benchi la zamani, hasa kocha wa viungo na daktari, wanaojua nani huchanika msuli akicheza mechi mbili kwa wiki. Kocha mpya mwenye hamu ya kuonyesha nguvu mara nyingi huzidisha mazoezi wiki ya kwanza, na klabu hupoteza wachezaji wanne kwa mpigo.

Asilazimishwe kubadilisha kila kitu. Akae na nahodha kwanza, kisha na wale watatu waliokuwa wamewekwa pembeni. Msimwahidi msaada wa hadharani kila baada ya sare. Mwenyekiti akae kimya, mishahara iingie tarehe yake. Karatasi ya vipimo iandikwe upya pamoja naye, na malengo yashushwe kama amepokea timu katikati ya msimu ikiwa hoi.

Na wiki hiyohiyo mkurugenzi wa ufundi afungue ile orodha ya majina matano, afute la yule aliyeajiriwa, aandike jingine mahali pake.